Nani alikwenda kuiona titaniamu ya nyota?

Leo nataka kuijibu barua ya mwanafunzi mmoja wa shule ya upili kutoka Msambweni, Kaunti ya Kwale. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami sitalitaja. Anaandika hivi: "Mwalimu wetu ametwambia kuwa titaniamu, madini yale yale yaliyokuwa yakichimbwa hapa kwetu Maumba na Nguluku, imo pia katika nyota nyekundu. Mimi sikatai wala sikubali. Nauliza tu, ni nani aliyekwenda huko akarudi na mchanga?"

Barua hii imenipendeza mno. Watu wa Kwale wamekwisha kuambiwa mambo mengi makubwa kuhusu mchanga wao, na mtoto wa huko akiuliza "mmejuaje?" anastahili jibu kamili, si la kumnyamazisha.

Kwa faida ya walio mbali, nikumbushe kidogo. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale kupitia Likoni mnamo Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Ndani ya ule mchanga mwekundu mlikuwa na ilmenaiti, rutili na zirkoni. Rutili ni titaniamu iliyoungana na oksijeni, na kutokana na madini ya namna hiyo hupatikana unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, katika karatasi na hata katika dawa ya meno. Kwa hiyo huenda leo asubuhi ulipiga mswaki kwa titaniamu bila kujua.

Sasa jibu. Hakuna aliyekwenda. Nyota yenyewe ndiyo inayotuletea habari zake, kila usiku, kwa nuru yake. Kazi yetu ni kuisoma.

Usicheke, kwa maana hata wenye elimu kubwa waliwahi kusema haiwezekani. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba binadamu hataweza kamwe kujua nyota zimeumbwa kwa vitu gani. Maskini hakujua kuwa funguo ilikwisha kupatikana. Mwaka 1814 fundi mmoja wa vioo huko Ujerumani, Joseph Fraunhofer, alikuwa ameipitisha nuru ya jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, ikatawanyika rangi kama upinde wa mvua, naye akaona jambo la ajabu: kati ya rangi hizo mlikuwa na mistari myeusi, myembamba, mamia kwa mamia. Aliihesabu zaidi ya 500. Alijua ipo, kwa nini ipo hakujua.

Maana yake ilipatikana kuanzia 1859, kwa kazi ya wanasayansi wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen. Jambo lenyewe kina mama wanalijua jikoni. Maji ya chumvi yakifurika kutoka sufuria na kumwagikia mwali wa gesi, mwali hugeuka manjano papo hapo. Manjano ile ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi, na popote sodiamu inapounguzwa itatoa manjano ile ile, iwe Msambweni au Ulaya. Kila elementi ina rangi zake ambazo hakuna nyingine inayoshirikiana nazo zote. Na ikiwa ni mvuke ulio mbele ya nuru kali, huzimeza rangi hizo hizo, pakabaki mistari myeusi. Ni kama alama za vidole kwenye kitambulisho. Ukiona mistari ya sodiamu katika nuru ya jua, basi sodiamu imo juani, hakuna mjadala.

Tuje kwa titaniamu. Nyota nyekundu zilikuwa zimewasumbua wataalamu, kwa kuwa nuru yake ilikuwa na zaidi ya mistari: ilikuwa na mikanda mizima ya giza, mipana upande mmoja na kufifia upande wa pili, kama kitambaa kilichochovywa rangi kikakaushwa kabla ya kukolea. Mwaka 1904 Alfred Fowler wa Uingereza aliitengeneza mikanda hiyo katika maabara, akaona ni ya oksidi ya titaniamu. Hapa nimwombe mwanafunzi wetu aangalie vizuri. Katika rutili ya Kwale kila atomu ya titaniamu ina atomu mbili za oksijeni. Katika nyota ina moja tu, kwa sababu joto la huko haliziachi tatu kukaa pamoja. Tena, nyota ikiwa na moto zaidi hata hizo mbili huachana. Ndiyo maana juani hutaikuta mikanda hiyo, isipokuwa katika yale madoa meusi ambayo ni baridi kuliko sehemu nyingine za uso wa jua.

Kwa hiyo mikanda ya titaniamu haisemi tu kwamba titaniamu ipo. Husema pia nyota ina joto kiasi gani. Kadiri nyota inavyopoa, mikanda hukolea. Ukumbuke mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, msimu wa kaskazi, ile nyota nyekundu ya Betelgeuse katika kundi la Jabari ilipofifia mpaka kila aliyezoea kuitazama akaona ina kasoro. Wengine walianza kutangaza kuwa inataka kulipuka. Februari 2020 wataalamu wawili wa Marekani, Emily Levesque na Philip Massey, waliipima mikanda yake ya titaniamu, wakakuta joto la nyuzi zipatazo 3,330 za Selsiasi. Mwaka 2004 ilikuwa imepimwa ikaonekana kuwa na nyuzi kama 3,380. Tofauti ya 50 tu! Haikuweza kuwa ndiyo sababu ya giza lote lile. Wakasema huenda ni vumbi lililotoka katika nyota yenyewe likaifunika, na uchunguzi wa wengine uliotolewa 2021 uliunga mkono habari ya vumbi. Nyota ile iko umbali wa zaidi ya miaka 500 ya nuru, na mtu amekaa Arizona akajua kwamba si homa, ni shela.

Mpaka hapa mambo ni mepesi, kwa sababu Betelgeuse inang'aa sana. Taabu ni nyota hafifu, zile za mbali ambazo macho hayazioni kabisa. Nuru yake hutufikia kwa tone moja moja, nawe unataka kulichukua tone hilo na kulitawanya liwe upinde mzima wa rangi elfu kadhaa. Kila rangi itapata nini? Chombo kifanyacho kazi hii huitwa spektrografu, na kwa miaka mingi kilikuwa na uchoyo wa ajabu: kilimeza nuru nyingi kabla ya kutoa jibu.

Moyo wa spektrografu siku hizi kwa kawaida si kile kioo cha pembe tatu cha Fraunhofer bali ni bamba la mistari. Ukitaka kujua lilivyo, chukua CD, kama ile ya taarabu iliyosahaulika kabatini, uigeuze upande unaong'aa. Zile rangi unazoziona zinatokana na mifereji iliyozunguka kwa ukaribu mno. Ukipima milimita moja utaikuta ipatayo 600. Nuru ikigonga mifereji iliyokaribiana hivyo, kila rangi hutupwa upande wake. Mabamba ya zamani ya wataalamu wa nyota yalikwaruzwa hivyo hivyo, kwa ncha ya almasi, mfereji baada ya mfereji, juu ya utando wa alumini.

Sasa itazame tena ile CD. Utaona kuwa upinde wa rangi si mmoja. Kuna mmoja huku, mwingine kule, na nuru nyingine imerudi nyeupe kama ilivyokuja. Kamera ya darubini hutazama upinde mmoja tu. Ile mingine ni hasara tupu, na alumini nayo huchukua ushuru wake. Mafundi walijifunza kuikata mifereji kwa mshazari ili nuru nyingi ielekee upande mmoja, na hapo bamba zuri likaweza kuokoa asilimia kama 60 au 70. Iliyobaki ilipotea. Fikiria nuru iliyosafiri miaka bilioni moja bila kugusa kitu, halafu ije ipotelee sentimita chache kabla ya kamera!

Hapa ndipo hologramu inapoingia. Neno hili unalijua kutokana na ile picha ndogo inayometameta kwenye kadi za benki. Aliyebuni hologramu ni Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, mnamo 1947, na mwaka 1971 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini hologramu ya wataalamu wa nyota haina picha yoyote. Ina mistari tu, tena mistari isiyokwaruzwa na kitu chochote kigumu.

Imechorwaje basi? Twende Diani. Simama ufukweni siku ambayo bahari imetulia, utazame mashua mbili za watalii zikipita ndani ya mwamba. Kila moja huacha mawimbi yake. Mawimbi hayo yanapokutana, mahali pengine kilele hukutana na kilele, maji yakainuka maradufu. Mahali pengine kilele hukutana na bonde, maji yakalala kana kwamba hapajapita chombo. Nuru nayo ni mawimbi. Ukiikutanisha miali miwili ya leza, utapata milia ya mwanga na giza iliyosimama imara, iliyonyooka, iliyokaribiana mno. Kwa kuipanua au kuipunguza pembe kati ya miali, unachagua milia mingapi iingie katika milimita moja. Inaweza kuwa 300, inaweza kuwa zaidi ya 2,000.

Milia hiyo inahitaji mahali pa kuandikwa, na hapa ndipo nilipocheka mwenyewe niliposoma habari hii mara ya kwanza. Kinachotumika ni jelatini. Ndiyo, ile ile ya peremende laini na ya vidonge vya hospitali, inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Huchanganywa na chumvi za kikemikali ziitwazo dikromati ili iweze kuhisi nuru, ikapakwa juu ya kioo kwa utando mwembamba kuliko unywele. Ikimulikwa na ile milia ya leza, palipopata mwanga huwa pagumu zaidi. Kisha huoshwa kwa maji na kukaushwa kwa alkoholi, na ndani ya utando hubaki tabaka nyingi sana, moja nzito kidogo, inayofuata nyepesi kidogo, zimesimama wima kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa mezani. Zote zinapenyeza nuru. Hakuna fereji wala chuma.

Nuru ya nyota ikiingia kwa pembe inayofaa, kila ukurasa huirudisha kidogo tu, lakini kurasa zote huirudisha upande ule ule kwa mpigo mmoja, kama wavuvi wanaovuta juya kwa wimbo. Ile mipinde ya hasara karibu yote hutoweka, nguvu zote zikaenda katika mmoja. Bamba la namna hii likitengenezwa vyema huokoa zaidi ya asilimia 80 ya nuru, na mahali lilipo bora kabisa hufika 90. Nimepiga hesabu: ukitoka asilimia 60 ukaenda 85, ni sawa na kuchukua darubini yenye kioo cha upana wa mita 10 ukaifanya iwe na kioo cha karibu mita 12. Anayejua gharama ya vioo hivyo atakuelewa.

Jambo la kushangaza ni kwamba teknolojia hii haikubuniwa kwa ajili ya nyota. Hologramu za jelatini zilikuwa zimekwisha kutumika katika vioo vinavyomwonyesha rubani wa ndege tarakimu mbele ya macho yake, na katika vyombo vya kupimia kemikali. Wataalamu wa nyota ndio waliochelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Samuel Barden wa Marekani, pamoja na James Arns wa kampuni ya Kaiser Optical Systems na wenzao, walianza kuyapima mabamba hayo kwa nia ya kuyaweka katika spektrografu za darubini, na matokeo yao ya mwaka 2000 yakawafanya wengi wayataka.

Bara letu halikubaki nyuma. Huko Sutherland, katika nyika kavu ya Karoo nchini Afrika Kusini, kuna darubini kubwa iitwayo SALT, iliyozinduliwa Novemba 2005, yenye kioo cha mita 11 kwa 10 kilichounganishwa kwa vipande 91. Spektrografu yake kuu imepewa jina la Robert Stobie, mkurugenzi aliyeipigania darubini hiyo akafariki 2002 kabla ya kuiona ikikamilika. Mabamba iliyopangiwa yalikuwa sita, na matano kati yake ni ya hologramu ya jelatini.

Lakini aliyeandika barua alitaka titaniamu, kwa hiyo nimpeleke Marekani kwenye mradi unaoitwa APOGEE. Ulianza 2011 kwa darubini ya mita 2.5 tu huko New Mexico, ndogo kwa viwango vya leo, ukasoma nyota 300 kwa wakati mmoja, kila moja kupitia uzi wake wa kioo. Baadaye chombo cha pili kilifungwa Chile. Bamba la APOGEE ni hologramu kubwa kiasi kwamba haikuwezekana kuichora kwa mara moja, ikabidi ichorwe kwa sehemu tatu juu ya kioo kimoja. Mradi huo ulisoma nyota zaidi ya 600,000, nyingi zikiwa nyuma ya mavumbi ya njia ya maziwa, na katika orodha ya elementi ulizozipima katika nyota hizo titaniamu imo. Si hiyo tu. Kusini zaidi katika Kaunti ya Kwale kuna Mlima Mrima, wenye msitu wa kaya juu na madini adimu chini, miongoni mwake seriamu. Mwaka 2017 wataalamu wa APOGEE walieleza jinsi walivyoitambua seriamu nayo katika nyota. Mwalimu wako hakukudanganya, mwanangu. Alipunguza tu.

Nisiisifu hologramu kupita kiasi. Ina masharti. Imetengenezwa kwa pembe moja na kwa rangi za aina fulani, na ukitaka kusoma rangi nyingine sharti ulizungushe bamba na kamera yake pia; ndiyo maana kamera ya spektrografu ya SALT imeundwa kwa bawaba, izunguke kama mkono kwenye kiwiko. Adui mwingine wa jelatini ni unyevu. Wewe unayekaa Msambweni unajua biskuti zikiachwa wazi usiku mmoja zinakuwaje. Jelatini huwa hivyo hivyo: ikivuta unyevu, tabaka zake huvimba na maandishi yote hufutika. Kwa sababu hiyo hufunikwa kwa kioo cha pili na kuzibwa kingo. Kuna faida ndani yake, kwa maana bamba la zamani la alumini halikuthubutu kuguswa hata kwa kitambaa, na hili la sasa laweza kufutwa vumbi kama miwani.

Mwisho, mwanafunzi wetu anauliza kama yuko mtu anayeweza kuliona jambo hili nyumbani bila darubini. Yupo, ni yeye mwenyewe. Chukua boksi la kartoni, ulifunge pasiingie mwanga. Upande mmoja kata nafasi nyembamba, uibane kwa makali ya nyembe mbili yaliyokaribiana bila kugusana. Mzazi asaidie hapo. Upande wa pili, ndani, egemeza ile CD kwa mshazari, na juu yake toboa tundu la kuchungulia. Usielekeze boksi kwa jua hata kidogo, macho hayana spea. Elekeza kwanza kwenye balbu ya kizamani yenye waya, utaona rangi zimefuatana bila kukatika. Kisha nenda penye taa ndefu ya mrija, kama zile za madarasani au za dukani. Rangi zitakatika vipande, na utaona mstari wa kijani mkali umesimama peke yake.

Mstari ule ni wa zebaki. Imo ndani ya mrija, na umeijua bila kuuvunja.